Kabla hujalipa kodi ya miezi 6, pima kwanza saa za barabarani



Leo siongelei bidhaa wala matangazo. Naongelea nyumba ya kupanga. Najua kuna atakayeuliza, ukurasa wa biashara na nyumba wapi na wapi? Jibu ni hili: kwa sisi tunaouza kwa simu, nyumba ndiyo stoo, ndiyo ofisi, ndiyo sehemu ya kupigia picha za mzigo. Ukihama nyumba umehamisha duka. Na usipoangalia, utapata sebule kubwa lakini muda wa kufanya biashara na wa kukaa na watoto wote utaishia kwenye foleni.

Maswali ninayoulizwa sana ni haya mawili. "Dada, nimepata nyumba nzima Chanika kwa bei chee, nihamie?" Na jingine, "Nibanane hapahapa Magomeni karibu na Kariakoo, au niende mbali watoto wapate uwanja?" Mimi huwa nauliza swali moja tu kabla ya kujibu: umepima safari ya kila mtu wa nyumbani kwako? Wengi wamepima kodi, wamepima vyumba, wameuliza maji na umeme. Safari hawajaipima.

Nitatumia mfano wa Dar es Salaam kwa sababu ndipo ninapouzia mashuka na vyombo vya jikoni, na ndipo tulipokaa chini na baba watoto tukahesabu nyumba 4 kabla ya kuchagua moja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 hapa Dar. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na wengi wetu tunasogea pembezoni kutafuta kodi nafuu. Lakini maduka ya jumla bado yapo Kariakoo, na ofisi nyingi bado zipo Posta. Kwa hiyo asubuhi wote tunaelekea upande mmoja. Kama upo Nairobi na mzigo wako unatoka Gikomba au Kamukunji, hesabu ni ileile, badilisha tu majina ya mitaa.

Chukua daftari, twende pamoja.

1. ANDIKA NANI ANASAFIRI, NA MARA NGAPI

Wauzaji wengi tukitafuta nyumba tunaangalia kitu kimoja: ni mbali kiasi gani kutoka Kariakoo. Hapo tunajifikiria sisi peke yetu. Kumbe muuzaji wa mtandaoni hana lazima ya kwenda Kariakoo kila siku. Ukijipanga unakwenda mara 2 kwa wiki, unachukua mzigo wa siku kadhaa, unarudi.

Kwetu sisi orodha ilikuwa hivi:

Baba watoto, kazini Posta, siku 24 kwa mwezi.
Mimi, Kariakoo, safari 8 kwa mwezi, na saa ya kuondoka najipangia mwenyewe.
Watoto wawili, shule ya msingi, siku 5 kwa wiki, saa ya kufika ni lazima.

Ukiiangalia orodha hiyo unaona mara moja kwamba mwenye biashara ndiye anayesafiri kidogo kuliko wote. Kwa hiyo kwenye kuchagua mtaa, mimi ndiye niliyekuwa na kura nyepesi. Anayesafiri kila siku, tena kwa saa asizojichagulia, ndiye mwenye kura nzito. Kama mwenzako anafanya kazi Mwenge, usikimbilie Mbagala kwa sababu tu ni rahisi kuingia Kariakoo. Utakuwa umerahisisha safari 8 na kuharibu safari 24.

Kama unalea peke yako, kura nzito ni ya watoto. Anza na shule, halafu ndiyo utafute nyumba.

2. PIMA MLANGO KWA MLANGO, SIKU YA KAZI

Dalali akikuambia "dakika kumi tu mpaka stendi", muulize dakika kumi za nini? Za bodaboda? Za Jumapili saa tano asubuhi? Madalali wengi wanapenda kuonyesha nyumba wikiendi, barabara ikiwa nyeupe. Wewe chukua hela yako ya usumbufu umpe, nyumba uione, lakini usilipe kodi siku hiyo.

Rudi mwenyewe siku ya kazi, Jumatatu au Jumanne. Simama mlangoni pa nyumba hiyo saa ambayo mwenzako angetakiwa kutoka. Washa saa ya simu. Tembea mpaka kituoni, subiri gari kama watu wengine wanavyosubiri, panda, shuka, unganisha, tembea mpaka ofisini. Zima saa. Hiyo ndiyo dakika halisi. Jioni fanya hivyohivyo kurudi, maana kurudi mara nyingi ni kubaya kuliko kwenda.

Programu za ramani kwenye simu zinasaidia, na unaweza kuchagua saa ya kuondoka ili uone makadirio ya asubuhi. Ila kumbuka mara nyingi zinakuhesabia gari lililokwisha kuwasha injini. Hazihesabu kutembea uchochoroni, kusubiri daladala lijae, wala kuachwa na gari mbili zilizojaa mpaka mlangoni.

Ukiweza pima siku 3 tofauti. Halafu kwenye mipango yako tumia ile mbaya zaidi, si ya katikati. Mwajiri hasamehi wastani.

3. JUMLISHA KODI NA NAULI NA SAA

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Bei hizi ni za mfano wetu, wewe weka za kwako. Kila nyumba ina vyumba viwili na sebule, isipokuwa ya Chanika ambayo ni nyumba nzima yenye vyumba vitatu na uwanja.

Nyumba ya Magomeni
Kodi 450,000 kwa mwezi. Baba watoto kwenda na kurudi Posta ni saa 1 na dakika 20. Mimi Kariakoo kwenda na kurudi ni saa 1. Nauli 1,500 kwa kwenda na kurudi. Watoto wanatembea shuleni.
Nauli ya mwezi: 48,000. Jumla ya hela: 498,000. Jumla ya saa barabarani: 40.

Nyumba ya Kimara, kutembea kwa miguu mpaka kituo cha mwendokasi cha Kimara Mwisho
Kodi 340,000. Baba watoto saa 2 na dakika 10 kwenda na kurudi. Mimi, nikiondoka saa nne asubuhi, saa 1 na dakika 45. Nauli 1,500. Watoto wanatembea shuleni.
Nauli ya mwezi: 48,000. Jumla ya hela: 388,000. Jumla ya saa: 66.

Nyumba ya Temboni
Kodi 300,000. Hapa unapanda daladala mpaka Kimara halafu unaunganisha mwendokasi. Baba watoto saa 3 kwenda na kurudi. Mimi saa 2 na nusu. Nauli 2,700. Watoto wanatembea shuleni.
Nauli ya mwezi: 86,400. Jumla ya hela: 386,400. Jumla ya saa: 92.

Nyumba ya Chanika
Kodi 180,000. Baba watoto saa 4 na nusu kwenda na kurudi, magari mawili kila upande. Mimi saa 4. Nauli 3,600. Shule tuliyoitaka ilihitaji basi la shule, 100,000 kwa watoto wawili.
Nauli na basi la shule: 215,200. Jumla ya hela: 395,200. Jumla ya saa: 140, bila kuhesabu saa za watoto ndani ya basi.

Umeona? Ukisoma kodi peke yake, Chanika inaizidi Kimara kwa unafuu wa 160,000 kila mwezi. Ukijumlisha kila kitu, Chanika ndiyo inakuwa ghali kwa 7,200, na juu yake inakula saa 74 zaidi. Saa 140 ni karibu siku 6 kamili, usiku na mchana, watu wawili wazima mko kwenye viti vya daladala. Kila mwezi.

Sisemi Chanika ni pabaya. Kuna familia inaishi pale vizuri sana, nitakuja kwao huko chini. Nasema kodi iliyoandikwa kwenye mkataba siyo kodi utakayolipa.

4. SAA YAKO INA BEI GANI?

Sasa kuna anayeuliza, mbona hamkukaa Magomeni, si ndiko saa zilikuwa chache? Swali zuri. Hapo unatakiwa ujue bei ya saa yako.

Chukua faida yako ya mwezi, siyo mauzo, faida. Gawa kwa saa unazofanya kazi ya biashara: kujibu meseji, kufunga mizigo, kupiga picha, kufuata mzigo. Tuseme faida ni 400,000 na saa ni 160. Saa yako moja ni shilingi 2,500.

Sasa linganisha nyumba mbili mbili.

Kutoka Kimara kwenda Magomeni unaongeza 110,000 ili uokoe saa 26. Unanunua kila saa kwa shilingi 4,200 na ushee. Saa inayokuingizia 2,500 unainunua kwa 4,200? Biashara haisemi hivyo.

Kutoka Temboni kuja Kimara unaongeza 1,600 ili uokoe saa 26. Unanunua saa kwa shilingi 60 na kitu. Hiyo hata usiulize mara mbili.

Hii hesabu ndogo ndiyo inayomaliza ubishi wa nyumbani. Badala ya mmoja kusema "mbali" na mwingine kusema "ghali", mnauliza: tukilipa zaidi, saa moja tunainunua kwa bei gani?

Kuna jambo moja la kuongeza. Kati ya zile saa 26 za Temboni na Kimara, 20 ni za baba watoto, 6 tu ndiyo zangu. Utasema, mshahara wake hauongezeki akiwahi nyumbani. Kweli. Lakini wateja wangu wengi wanaingia mtandaoni kuanzia saa mbili usiku, wakishakula na watoto wao kulala. Kama baba watoto amefika mapema, anawashika watoto, anasimamia homuweki, mimi nakaa na simu. Akifika amechoka hoi, yote ni yangu: chakula, watoto, na oda zinasubiri. Meseji iliyosubiri mpaka asubuhi mara nyingi mteja keshanunua kwingine. Kwa hiyo saa ya mwenzako barabarani ina mkono wake kwenye mauzo yako.

5. PUNGUZA KUUNGANISHA, USIPUNGUZE KILOMITA TU

Angalia tena Temboni na Kimara. Kwa ramani ni jirani kabisa, wote wa barabara moja ya Morogoro. Kinachozitenganisha ni ile daladala ya kwanza. Kila ukiunganisha unasubiri tena, unagombania tena, unalipa tena. Mvua ikinyesha unaloana tena.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kuongeza kidogo, usiinunulie vigae. Inunulie kuondoa gari moja kwenye safari ya anayesafiri kila siku.

Na kuna siri nyingine ambayo waliokaa njia ya mwendokasi wanaijua: kituo cha kwanza si sawa na kituo cha nne. Mwendokasi ilianza Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya mji, na mpaka leo asubuhi gari likitoka Kimara limeshiba. Aliyeko Korogwe, Bucha au Baruti yuko karibu zaidi na mji, lakini gari linaweza kumpita limejaa. Pale linapoanzia, foleni ipo, tena ndefu, ila inatembea na unaingia. Kituo cha mwanzo wa njia, iwe mwendokasi au daladala, kina thamani kubwa kuliko kinavyoonekana kwenye ramani. Dalali hatakuambia, pima mwenyewe.

6. HESABU USINGIZI WA MTOTO

Hapa naomba tusikimbie. Tukisema "mtaa mzuri kwa familia" tunafikiria uwanja, geti, majirani wastaarabu. Vyote vizuri. Lakini mtoto anaishi kwa saa, na saa zake zinapangwa na barabara.

Chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, American Academy of Sleep Medicine, mwaka 2016 kilipendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Sasa weka hiyo kwenye nyumba ya Chanika. Basi la shule lingepita saa 11 na robo alfajiri. Mtoto anaamka saa 10 na nusu. Ili apate saa 9 tu, ile ya chini kabisa, lazima awe amelala saa 1 na nusu usiku. Baba anatoka kazini saa 11 na nusu jioni, safari saa 2 na robo, anafika saa 2 kasorobo usiku. Robo saa baada ya mtoto kulala. Asubuhi mtoto anapanda basi baba bado anavaa viatu.

Yaani baba na mtoto wanalala nyumba moja na wanaonana Jumapili. Uwanja upo, lakini anacheza nao nani?

Kimara, shule ni dakika 15 kwa miguu. Mtoto anaamka saa 12 na robo asubuhi, akilala saa 3 usiku amepata saa 9 na robo. Baba anafika saa 1 kasoro usiku. Wana saa 2 pamoja, kila siku. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tusaini, kuliko hata ile hesabu ya hela.

Kwa hiyo chora ratiba ya mtoto wako mdogo kwa kila nyumba: anaamka saa ngapi, anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, anamwona nani, analala saa ngapi. Na swali la mwisho: siku ambayo wewe uko Kariakoo na foleni imekushika, nani anampokea? Kama mtaa una mama yako, dada yako, au jirani wa kuaminika, hiyo ni hela ambayo haimo kwenye jedwali.

Wala si maneno ya mitaani tu kwamba safari ndefu inachosha roho. Mwaka 2008 wachumi wawili, Alois Stutzer na Bruno Frey, walichapisha utafiti uliotumia takwimu za Ujerumani. Walikuta wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini wanaridhika kidogo na maisha yao, hata pale ambapo mtu angetegemea nyumba nafuu au mshahara mzuri vifidie. Na hiyo ni Ujerumani kule. Fikiria wewe umesimama kwa mguu mmoja.

7. ULIZA SIKU MBAYA INAKUWAJE

Kila mtaa una siku yake mbaya. Waulize wenyeji, hasa muuza genge na bodaboda wa kijiweni, siyo mwenye nyumba.

Sisi tuliochagua njia ya Kimara, siku yetu mbaya ni Jangwani. Masika mvua ikizidi, bonde linajaa maji, barabara inafungwa na magari yanazungukia kwingine. Tunalijua hilo. Siku za mvua kubwa baba watoto anaondoka mapema zaidi, na mimi siendi Kariakoo, nauza kilichopo stoo. Machi mpaka Mei naweka mzigo wa wiki mbili badala ya wa siku chache.

Ukienda Kigamboni, uliza kuhusu pantoni na daraja. Daraja la Nyerere lilifunguliwa 2016, kwa hiyo unaweza kuvuka kwa pantoni au kwa daraja, lakini daraja lina tozo, na pantoni kuvuka ni dakika chache ila kusubiri ni hadithi nyingine. Ukienda mtaa wenye njia moja tu ya kutokea, jua kwamba ajali moja inafunga mtaa mzima. Mtaa wenye njia mbili za kutokea, hata kama moja ni ya vumbi, ni mtaa wenye pumzi.

Na ndani ya mtaa kwenyewe: mvua ikinyesha, bodaboda anafika mlangoni? Kama hafiki, mzigo wa mteja nao hautoki.

8. MIZIGO NAYO INASAFIRI

Fungua daftari lako la oda. Chukua oda 50 za mwisho. Andika mteja alikuwa wapi. Mimi nilipofanya hivyo, oda 19 zilikuwa za mikoani, 22 za Kinondoni na Ubungo, 9 zilizobaki ni sehemu nyingine za mji.

Hiyo ilinifundisha kitu. Mizigo ya mikoani inapanda basi, na kituo kikuu cha mabasi, kile cha Magufuli kilichofunguliwa 2021, kipo Mbezi Luis. Kutoka Kimara pananifaa kuliko kutoka Magomeni. Kama oda zako nyingi ni za Mbagala na Temeke, kaa karibu na wateja wako wewe. Usiige mtaa wa muuzaji mwingine mwenye wateja tofauti.

Kwa wa mjini, angalia bodaboda anakutoza kiasi gani kutoka kila nyumba unayoifikiria. Bei ya kupeleka ikikaribia bei ya shuka lenyewe, mteja anakuambia "nitakucheki", na hakucheki tena. Njia ninayotumia mimi: siku ninazokwenda Kariakoo ndizo siku za kusambaza mjini. Nabeba oda zilizofungwa, nawapa bodaboda palepale katikati ya mji, halafu nachukua mzigo mpya. Safari moja, kazi mbili. Wateja wameshajua Jumanne na Ijumaa ni siku za kupelekewa.

LINI UENDE MBALI?

Nisieleweke vibaya. Kwenda mbali kuna watu kunawafaa, na wala si wachache.

Kama mwenzako anafanya kazi Gongo la Mboto, Pugu au uwanja wa ndege, Chanika si mbali kwenu, mnakwenda kinyume na wengi au mnaishia njiani. Kama wote wawili mnafanya kazi nyumbani na shule nzuri ipo mtaani, saa zenu za barabarani ni chache popote mlipo, chukueni uwanja. Kama bibi wa watoto yupo kulekule, ameshalipa nusu ya kodi kwa kukaa na wajukuu. Na kama mnajenga, mnavumilia miaka miwili mitatu kwa sababu mnaijua mwisho wake, hilo ni jambo mmekubaliana, si kushtukizwa.

Linaloumiza ni kwenda mbali kwa sababu ya namba moja ya kodi, umelipa miezi 6 mbele, dalali keshachukua kodi yake ya mwezi mmoja, halafu wiki ya pili ndiyo mnagundua hamwonani. Hapo huwezi kurudisha mzigo dukani.

KAZI YA WIKI HII

Kama unahama ndani ya miezi 3 ijayo, fanya haya:

Andika kila anayesafiri nyumbani kwako na mara ngapi kwa mwezi.
Chagua nyumba 3, si moja. Iwe na moja ya karibu, moja ya mbali, na moja iliyo kwenye mwanzo wa njia ya gari.
Pima kila moja mlango kwa mlango siku ya kazi, asubuhi na jioni.
Jumlisha kodi, nauli, na basi la shule. Pembeni andika jumla ya saa.
Gawa tofauti ya hela kwa tofauti ya saa. Linganisha na bei ya saa yako.
Chora ratiba ya mtoto mdogo kuliko wote.
Ukimaliza, kaa na mwenzako mkiwa mmeshiba, mwonyeshe daftari. Namba zikiwa mezani hata sauti zinashuka.

Hifadhi hii posti, mtumie na yule rafiki yako anayezunguka na dalali wiki ya tatu sasa. Na hapo chini niandikie: nyumbani kwako nani anasafiri kila siku, na saa ngapi kwenda na kurudi? Wenye njia za Mbagala, Tegeta na Kigamboni, semeni na dakika zenu halisi za asubuhi, mtakuwa mmemsaidia mwenzenu anayetaka kuhamia huko.

Biashara njema, mabosi wangu.